Ratili Tatu za Felista

Wivu wa Kasiani uliingia kwa dirisha la moshi. Wengine huletewa wivu na majirani wenye domo, wengine huuokota ngomani. Yeye alisimama jikoni kwake, mwiko mkononi, akausikia ukiitwa kwa jina.

Ilikuwa miaka ya Mjerumani. Reli ilikuwa imekwisha kufika Morogoro, mafundi wake wamejaa mjini, na Mgiriki mmoja alikuwa amejenga hoteli karibu na stesheni ili awalishe. Kasiani ndiye aliyekuwa mpishi mkuu hapo. Nje ya jiko lake, chini ya upenu wa ghala, paliningʼinizwa mizani ya kulabu, na kila asubuhi wanawake walioteremka na mboga kutoka milimani walijipanga mbele yake. Mtunza ghala, Mikidadi, alimimina tenga la kila mmoja ndani ya gunia, akalitundika gunia kwenye kulabu, akatazama mshale, kisha akatangaza kwa sauti kubwa ili mke wa Mgiriki asikie huko ndani.

“Veronika, ratili nane!”

“Mwaisha, nane kasorobo!”

Halafu, sauti ikivutwa kidogo, au ndivyo Kasiani alivyosikia: “Felista... kumi na moja!”

Felista alikuwa mke wa Kasiani.

Siku ya kwanza alidhani masikio yamemdanganya. Siku ya pili alisogea dirishani, moshi ukamjaa machoni. Juma lilipokwisha hakuwa na haja ya kusogea tena. Jina la mkewe lilimfikia popote alipo, hata akiwa ameinamia pipa la unga, likifuatwa na ile kumi na moja yake. Ratili tatu zaidi ya wenzake, kila siku ya Mungu. Na tenga lilikuwa la kadiri ile ile! Matenga ya wanawake wa mteremko ule wote yalisukwa na mzee mmoja wa Kinole, aliyepima mianzi kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyepata kumwona akisuka moja kubwa na jingine dogo.

Mtu mwingine angesema, ah, mambo ya mizani hayo, akaendelea kukatakata vitunguu vyake. Kasiani hakuweza, kwa sababu alikuwa na kichwa kikubwa, na kichwa hicho kilikuwa na historia yake.

Alizaliwa Mlali, chini ya milima, na ujana wake aliumalizia kuwabebea masufuria wapima njia ya reli, mpaka siku moja mpishi wao akaugua na yeye akaambiwa ashike mwiko. Hakuuachia tena. Alipofika hoteli ya Mgiriki alikuwa anajua kupika supu ya Kizungu na pilau ya Kiswahili, na hakuna aliyemtilia maanani. Ndipo ilipoletwa mizani, na jikoni pakawa hapakaliki. Mke wa Mgiriki, Mjerumani aliyekuja na kitabu chake cha mapishi kutoka kwao, alitaka kila kitu kwa ratili. Majani ratili mbili, siagi robo ratili. Nao wapishi wa Morogoro walijua tenga, kikapu, kibaba na konzi. Mchicha waliupima kwa macho: tenga moja ni sufuria kubwa moja, na sufuria hiyo ikishaiva mboga inashuka mpaka chini, maana majani huingia mlima yakatoka kichuguu. Ukimwuliza mpishi ni ratili ngapi, anakutazama.

Bibi alipiga kelele. Siku moja sahani zilikwenda mezani na kijiko kimoja kimoja cha mboga, siku ya pili mboga ikalishwa nguruwe kwa wingi wake. Wapishi wawili walifukuzwa. Kasiani alipoona zamu yake inakaribia, alichukua tenga la mchicha la sokoni, akalipima, akapata ratili nane. Akachukua kibaba cha majani yaliyokatwakatwa, akaona hakifiki robo ratili. Akapima kisamvu kilichotwangwa, ambacho ni kizito kama udongo, akapima majani ya maboga, mnavu na matembele, na yote akayaweka kichwani. Tangu siku hiyo Bibi akitaja ratili, Kasiani alijibu kwa matenga na vibaba, na mboga ikafika mezani imetimia.

Sifa zikamlevya. Wapishi wa mji mzima walimwita Bwana Ratili, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka, naye alisikia ile nusu ya heshima tu. Jioni walimfuata na maswali yao, naye aliwajibu huku amefumba macho, kana kwamba anasomewa. Salehe, aliyempikia mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, alimwuliza siku moja, “Na majani yakishindiliwa je, Bwana Ratili?”

“Nani anashindilia mchicha?” Kasiani akamcheka mbele ya wote. “Mchicha ni pamba? Tenga ni tenga. Tenga la mchicha ni ratili nane. Ukisikia zaidi, jua kuna mtu kaiba au kuna mtu kahongwa.”

Maneno hayo ndiyo yaliyorudi kumkaba koo. Kama tenga ni ratili nane, na yeye ndiye aliyesema, hizo tatu za Felista zilitoka wapi? Zilitoka mkononi mwa Mikidadi, si kwingine. Na mwanamume humwongezea mke wa mwenzake ratili tatu kila asubuhi kwa ajili gani?

Mikidadi naye hakufanya lolote la kumtuliza. Alikuwa kijana wa mjini, mrefu, kazi yake kubeba magunia lakini kanzu yake haionekani doa, kofia ameilaza upande, na akipita huacha harufu ya udi. Kasiani alikuwa mfupi, na harufu yake ilikuwa ya kitunguu. Alioga mtoni, akajisugua kwa ndimu, kitunguu kikabaki pale pale. Maisha yake yote hakuwahi kuliona hilo kuwa kasoro.

Tena alikuwa mtu wa kuja. Alipomwoa Felista kanisani hakumpeleka Mlali. Yeye ndiye aliyehamia kwa mke, milimani juu ya Bigwa. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake Felista, nyumba ilisimama juu ya shamba hilo, na mjomba wa Felista, mzee Fransisko, aliishi jirani akiangalia mambo ya wote wawili. Kasiani alifika hapo na sanduku la nguo na mkeka. Kasiani alimpenda mkewe, hilo halina ubishi, ila alimpenda kwa roho juu, kama mtu anayejua kwamba mlango anaoingilia si wake. Ndiyo maana jambo dogo ambalo mume mwingine angeliuliza kwa mdomo mara moja, likaisha, yeye alilifuga.

Alianza kwa kunusa. Jioni Felista alipotundika kaniki yake ukutani, Kasiani alijifanya anatafuta kisu, akaisogezea pua. Ilinuka moshi na majani. Akaona basi, wamekuwa waangalifu.

Kisha akaanza kuuliza kwa kuzunguka.

“Leo mizani ilikuwaje?”

“Ilikuwa mizani,” Felista akajibu, akisonga ugali. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

“Mikidadi hajambo?”

“Nani?”

“Mikidadi. Anayewapimia.”

“Ah, yule. Sijui. Kapima, nikaondoka.”

Jibu hilo lilimchoma Kasiani kuliko tusi. Mwanamke anakutana na mtu kila siku, hajui kama ni mzima au mgonjwa? Huyo anaficha! Angesema Mikidadi ni mtu mwema, Kasiani angekasirika. Hakusema, akakasirika mara mbili. Akaanza kususa mboga. Felista akimpakulia mchicha, alikula ugali mkavu kwa chumvi, akilikazia macho bakuli kana kwamba ndani yake amejificha mtu. Felista alidhani tumbo linamsumbua, akamchemshia mchaichai. Kasiani aliunywa, akawaza kwamba hata wanawake wenye hatia huchemsha mchaichai.

Na hapa mtu hukosa subira naye. Mpishi mwenye akili zake angetazama sufuria! Ratili za uongo haziivi. Kama Mikidadi alikuwa akizitaja kwa mdomo tu, basi siku ambazo mboga ya Felista iliingia jikoni chakula kingepungua, na Bibi angepiga kelele zikasikika stesheni. Ilikuwa kinyume chake. Siku hizo sufuria ilijaa mpaka kifuniko kikacheza, na wageni wakaongezewa bila kuomba. Kasiani aliyaona hayo kwa macho yake mawili, akasema sufuria hii mpya ni ndogo. Sufuria haikuwa mpya.

Siku moja Felista alikwenda msibani kwa shangazi yake, ngʼambo ya mlima, alale huko. Kasiani alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Alfajiri alichukua tenga la mkewe, akaingia kwenye shamba la mkewe, akachuma mchicha. Alichuma kama wapishi wanavyochuma: alirusha majani tengani konzi baada ya konzi, yakaangukiana ovyo, yakajaa hewa, mpaka yakafanya kilima juu ya ukingo. Alilitazama akaridhika. Akalipeleka kwa jirani yao, Veronika, ambaye siku hiyo alikuwa anateremka sokoni mikono mitupu kutafuta chumvi.

“Dada Veronika, nifikishie hili kwenye mizani. Sema ni lako.”

“Makubwa!” Veronika akasema. “Siku hizi wanaume ndio wachuma mboga? Na kwa nini niseme langu?”

“Nitakueleza. Nifanyie hisani tu.”

Veronika akalitwika. Kasiani akamtangulia kwa njia ya mkato, akaingia jikoni, akakaa chini ya kile kidirisha, mgongo ukutani. Alisikia magunia yakishushwa, wanawake wakisalimiana. Kisha ikaja ile sauti, safari hii haikuvutwa hata kidogo.

“Veronika, ratili nane!”

Moyo ukampasuka, na papo hapo akafurahi. Tenga ni la Felista, shamba la Felista, mchicha wa Felista. Kilichokosekana ni Felista mwenyewe, na ratili tatu zimeyeyuka. Aliona uchungu, lakini chini ya uchungu huo palikuwa na utamu fulani, utamu wa mtu aliyesema toka mwanzo. Alichinja kuku siku hiyo kwa hasira hata msaidizi wake akauliza kuku wamekosa nini.

Felista alirudi kutoka msibani, na asubuhi iliyofuata akateremka na mboga yake kama kawaida. Kasiani alikuwa amekwisha simama mlangoni pa jiko. Aliliona tenga likimiminwa ndani ya gunia, gunia likipanda kwenye kulabu.

“Felista, kumi na moja!”

Kasiani akatoka, mwiko bado mkononi.

“Shikamoo, Bwana Kasiani,” Mikidadi akasema.

Kasiani hakuitikia. Wanawake wote waliokuwa pale walilisikia pengo lililoachwa na ile marahaba.

“Rudia uzito.”

“Kumi na moja. Tazama mshale mwenyewe.”

Mshale ulikuwa umesimama kwenye kumi na moja, wazi, hata asiyejua kusoma angeuona. Kasiani hakuutazama.

“Tenga la mchicha ni ratili nane,” alisema, na sauti ilimpanda asivyotaka. “Mji mzima unajua. Juzi tenga hili hili, la shamba hili hili, lilipita hapa kichwani mwa Veronika, ukasoma nane. Akilibeba mke wangu linakuwa kumi na moja. Haya, Mikidadi, waeleze hawa: hizo ratili tatu unamlipa kwa kazi gani?”

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mwaisha alijifunika mdomo kwa kanga. Mikidadi akapauka.

“Astaghfirullah,” alisema. “Mimi namwogopa Mungu. Mke wa mtu simwinulii hata macho.”

Felista alimtazama mumewe, akamtazama Mikidadi, akatazama gunia. Hakulia, wala hakujitetea.

“Limwage jamvini,” alimwambia Mikidadi. Mikidadi akaliteremsha gunia, akamwaga mchicha wote juu ya jamvi. Felista akalisogeza tenga tupu kwa mguu mpaka mbele ya mumewe. “Haya, Kasiani. Nirudishie mboga yangu ndani ya tenga.”

Kasiani akacheka kwa dharau, akapiga magoti. Alirusha konzi baada ya konzi kama alivyozoea. Tenga likajaa, likapita ukingo, likafanya kilima, na jamvini bado palikuwa na chungu nzima ya majani. Akabonyeza, yakashuka kidogo. Akaongeza, yakamwagikia upande wa pili. Akakaza ngumi, majani yakakatika, maji ya kijani yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na chungu ile haikuisha. Jasho likamtoka. Alijua sasa. Mikono yake ilijua kabla yake, ikaendelea tu kurusha majani kwa sababu haikuwa na pa kujificha.

Veronika ndiye aliyetangulia kusema. “Bwana Ratili, hebu tukisie na sisi. Hizo zilizokukatalia zinafika kiasi gani? Kama ratili tatu hivi?”

Kicheko kikalipuka, kikamleta Bibi mlangoni kuuliza kuna nini.

Felista hakucheka. Alipiga magoti upande wa pili wa tenga, akayamwaga yote, akaanza upya. Alishika konzi akailaza, vikonyo huku na majani kule. Konzi iliyofuata akaipindua kinyume chake, akaweka kiganja juu na kuegemea kidogo, tabaka likatulia. Akalaza jingine juu yake, bila haraka, kama mtu anayepanga kuni.

“Kwetu njia ina upepo,” alisema, na hakuwa akimwambia yeyote hasa. “Ukirusha tu, nusu inabaki bondeni. Mama alikuwa akilaza hivi.”

Mchicha wote ukaingia. Ulipokwisha, ulikuwa sawa na ukingo wa tenga, hauna kilima, na ungeweza kuupita sokoni ukadhani ni mdogo kuliko wa wenzake. Felista akajifunga kaniki yake vizuri, akaondoka bila kuaga.

Siku hiyo Kasiani alisahau chumvi katika vyungu vyote. Jioni aliomba kipande cha nyama jikoni, akakifunga kwa jani la mgomba, akapanda mlima huku akipanga maneno ya kuomba radhi. Alipanga marefu, akayafupisha, akayarefusha tena. Alipofika, mzee Fransisko alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba, na pembeni yake palikuwa na sanduku na mkeka.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.” Mzee aliitikia kwa upole, na upole huo ulimtisha Kasiani. “Ingekuwa ugomvi wa ndani ningewaketisha nyote wawili niwasikilize. Lakini wewe umemwita mpwa wangu malaya mbele ya watu wa soko zima. Padri atasema yake, hayo ni ya kanisa. Mimi nasema ya shamba. Hapa huna tena pa kulala.”

Kasiani hakubishana naye. Alimpita, akasimama mbele ya mlango ambako Felista alikuwa ameketi anachambua maharage.

“Felista, nisamehe. Ulikuwa wivu. Wivu tu, basi, ulinila mpaka sikuona. Nimekukosea, na nimemkosea yule kijana. Ratili zile nimeziona kwa macho yangu kwamba ni zako.”

“Ya ratili yaliisha pale pale,” Felista akasema. Alitupa harage bovu. “Tangu mizani iwekwe nampelekea yule mtu mboga. Mungu ananiona, nilikuwa sijui hata kama ana ndevu au hana. Natazama mshale, nachukua tenga langu, narudi, maana nina mume wa kumpikia. Leo uliponisimamisha pale nikasema, basi ngoja na mimi nimtazame, nimjue huyo ninayefungwa naye kamba moja.”

“Ukamwonaje?” Kasiani akauliza, ingawa moyo wote ulimkataza.

Felista alifikiri kidogo, kwa haki, kama anayetaka kusema kweli tupu.

“Ni mzuri,” akasema. “Hapo hukukosea.”

Akachukua ungo wake wa maharage, akaingia ndani, akarudishia mlango taratibu. Kasiani alijitwika sanduku, akautia mkeka kwapani, nyama akaisahau kizingitini. Miezi yote ile aliona wivu bila sababu. Sasa sababu alikuwa nayo, na mke hakuwa naye.